Kiuno Kabla ya Mguu

Mama yangu alipopata kiharusi, kila aliyekuja kumjulia hali aliutazama mguu. Watu waliingia, wakasalimia, wakakaa, na kabla chai haijaletwa macho yalishashuka kwenye blanketi, upande wa kushoto, kutafuta kama kidole kinacheza. "Hebu inua kidogo, mama, tuone." Mama akajikaza, goti likasogea, na chumba kizima kikashusha pumzi. Ndugu zetu wa Laela walipopiga simu, swali lao la kwanza lilikuwa hilohilo: mguu unaendeleaje?

Ninawaelewa. Huku Ufipa asiyeweza kutembea hukosa mengi kwa mpigo. Uwanda wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na anayepita kwa basi akitokea Tunduma anaweza kudhani ni tambarare tupu ya nyasi. Anayekwenda kwa miguu ndiye anayevijua vilima na vibonde vyake. Shambani ni mwendo, kanisani ni mwendo, na msibani, ambako mama wa umri ule hawezi kukosa kuonekana, mara nyingi ni mwendo mrefu kuliko yote.

Lakini katika miezi ile ya kumuuguza nilijifunza kuangalia sehemu nyingine ya mwili wake. Nilijifunza kuangalia kiwiliwili: tumbo, mgongo, mbavu na nyonga, ile misuli inayomshikilia mtu wima bila yeye kuifikiria. Ninaandika haya kwa ajili ya familia nyingine zenye mgonjwa wa kiharusi ndani, hasa zilizo mbali na hospitali, kwa sababu sehemu hiyo ndiyo inayobeba mwendo, na ndiyo inayosahauliwa.

Kuhusu siku yenyewe sina mengi ya kusema. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe, jikoni, sufuria ya maji ikiwa bado motoni. Presha yake ilijulikana tangu miaka ya nyuma. Dawa alikuwa akizimeza pale kichwa kinapomuuma, na kichwa kikitulia zinarudi kabatini, kama wanavyofanya wazee wengi wa kwetu. Presha haina maumivu ya kumkumbusha mtu. Inapanda kimya hadi mshipa wa kichwani uzibe au upasuke. Wake ulikuwa upande wa kulia wa ubongo, kwa hiyo mwili uliolegea ni wa kushoto. Kauli yake ilibaki nzima, na kwa hilo tunamshukuru Mungu kila siku, maana mama asiyeongea nisingemzoea. Aliporuhusiwa kutoka wodini tulimleta nyumbani kwangu, Katandala mjini Sumbawanga, ili awe karibu na hospitali na karibu na mazoezi.

Aliyemhudumia kwa mazoezi alikuwa kijana aliyesomea fiziotherapia KCMC, Moshi. Siku nyingine tulimfuata kliniki, siku nyingine alipita nyumbani baada ya kazi. Siku ya kwanza aliingia, akavua viatu mlangoni, akapiga goti kidogo kando ya kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunitembeza?"

"Nimekuja kukukalisha kwanza, bibi. Kutembea kutafuata."

Mama hakupendezwa. Kukaa alikuwa anakaa kila siku, amezungushiwa mito pande zote, na kwake hilo halikuwa jambo la kumwita mtaalamu nyumbani. Kijana akaiondoa mito yote. Akamsogeza mama mpaka ukingoni mwa kitanda, mapaja yakiwa yamekaa vizuri kwenye godoro, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu, mikono juu ya mapaja. Akamwomba akae hivyo kwa sekunde kumi bila kushika chochote. Yeye akachuchumaa upande wa kushoto, viganja wazi karibu na mbavu za mama, bila kumgusa. Nilihesabu kimoyomoyo. Sikufika mbali. Bega la kushoto lilianza kuzama, kichwa kikalifuata, na mama akawa anaenda pembeni taratibu, kama gunia la mahindi lililojazwa nusu likaegeshwa ukutani.

"Bibi, umekaa sawa?"

"Nimekaa sawa."

Alisema hivyo huku mwili wake wote ukiwa tayari umelalia viganja vya kijana. Kwa macho yake alikuwa wima kabisa. Ubongo uliokuwa ukimpa habari za upande wa kushoto ndio ulioumia.

Baadaye nilisoma kwamba jaribio lile lina historia yake. Mwaka 2004 Geert Verheyden na wenzake wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kipimo cha udhaifu wa kiwiliwili kwa watu waliopata kiharusi. Kina alama 23. Alama 7 ni za kukaa tuli, 10 ni za kukaa huku mtu akijipinda na kujisogeza, na 6 ni za kuzungusha mabega na nyonga kwa mpangilio. Swali la kwanza kabisa ni hilo la sekunde kumi ukingoni mwa kitanda, na asiyeliweza hupewa sifuri ya kipimo kizima. Mengine hata hayaulizwi. Mama, ambaye wageni walikuwa wakimpongeza kwa goti lake, siku ile alikuwa na sifuri.

Sasa kukaa kunahusiana vipi na kutembea? Simama hapo ulipo, kisha inua mguu mmoja polepole sana. Kabla kisigino hakijaachana na ardhi, kuna kazi imeshafanyika ambayo hukuiamuru: uzito umehamia mguu wa pili, nyonga imezuiwa isidondoke, mgongo umenyooshwa usikuangushe. Mwaka 1997 Paul Hodges na Carolyn Richardson, watafiti wa Australia, walipima misuli ya tumbo ya watu wazima wenye afya waliokuwa wakisogeza mguu, wakaona kwamba msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaouzunguka mwili kiunoni, huanza kukaza kabla ya msuli unaousogeza mguu wenyewe. Mwili hujiandaa katikati, ndipo unaagiza pembeni. Kiharusi kinapolegeza hapo katikati au kuchelewesha maandalizi hayo, mguu unaweza kuwa na nguvu za kutosha na bado mtu asitembee. Atauburuza, atauzungushia nje, atauinamia kwa bega zima ili tu unyayo upite juu ya ardhi. Wengi mtaani umewaona wakitembea hivyo kwa miaka, wakichoka upesi na kuanguka mara kwa mara, na watu husema mguu haujapona.

Kuna jambo moja katika haya lililonipa moyo kuliko yote. Vidole vya mkono wa kushoto hutegemea karibu kabisa upande wa kulia wa ubongo. Misuli ya kiwiliwili hupata amri kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo kiharusi kinapoharibu upande mmoja, tumbo na mgongo hudhoofika lakini kwa kawaida havinyimwi amri zote. Kuna njia nyingine iliyobaki wazi, na mazoezi ya kurudiarudia ndiyo yanayoipanua. Kijana alimweleza mama kwa maneno machache zaidi: "Huku katikati, bibi, una mabwana wawili. Mmoja anaumwa. Tumtumie aliyebaki."

Watafiti wa Uholanzi waliwahi kuwafuatilia wagonjwa 154 ambao siku za mwanzo za kiharusi hawakuweza kutembea wenyewe, na mwaka 2011 wakatoa matokeo. Walioweza ndani ya siku tatu kukaa bila msaada kwa nusu dakika na kusogeza mguu hata kidogo, karibu wote, asilimia 98, walitarajiwa kutembea wenyewe baada ya miezi sita. Kwa wasioweza yote mawili, waliotarajiwa hivyo walikuwa asilimia 27. Nilipoiona hesabu hiyo niliisoma mara mbili, nikakaa nayo. Mambo mawili tu yaliangaliwa, na moja kati yake lilikuwa kukaa. Mama alikuwa na lile la mguu na hakuwa na lile la kukaa. Basi kazi yetu ilijulikana ni ipi.

Na mama mwenyewe alikuja kuikubali kwa njia yake. Ni mkulima wa maisha yote. Amelima yale matuta ya mviringo ambayo Wafipa wameyatengeneza tangu zamani: mvua zinapokaribia kuisha, nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikapinduliwa na kurundikwa ziozee ndani, na msimu unaofuata rundo husambazwa likapandwa ulezi au mahindi. Ni kazi ya kuinama, kukata, kugeuza na kutupa, kutwa nzima, na baridi ya asubuhi ikiwa mgongoni. Siku moja, katikati ya mazoezi, kijana alimuuliza jembe zito kama lile aliliinuaje miaka yote hiyo, na mikono yake ni myembamba.

"Jembe ni kiuno," mama akamjibu. "Mkono unafuata tu."

"Na mguu nao unafuata, bibi."

Mama alinyamaza, akaomba kinywaji, akasema tuendelee. Kuanzia siku hiyo hakuuliza tena kutembea kutaanza lini.

Sitaacha kutaja hapa kwamba Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, aliandika makala mwaka 1967 kuhusu namna Wafipa wa wakati ule walivyoupanga mwili na utawala pamoja: kichwa na kiuno. Milansi, makao ya machifu wa mwanzo, ilihesabiwa kuwa kichwa. Watawala wa Twa waliokuja baadaye walihesabiwa kuwa kiuno, penye nguvu na kizazi, na nchi ilihitaji vyote viwili. Sidai kwamba wazee wetu walikuwa na somo la kiharusi. Ninasema tu kwamba Mfipa hahitaji kufundishwa upya kwamba kiuno ni mahali pa nguvu. Alichohitaji mama ni mtu wa kumwonyesha kwamba hata kutembea kunatokea hapohapo.

Mazoezi yenyewe hayakuhitaji kifaa cha dukani. Tulianzia chini, kwenye mkeka uliotandikiwa blanketi. Mama alilala chali, magoti yamekunjwa, nyayo zimekanyaga. Mimi niliushika mguu wa kushoto pale juu ya unyayo na kwenye goti ili usiangukie nje. Kisha akainua makalio kutoka kwenye mkeka, akayashikilia juu, akayashusha polepole. Mwanzoni upande wa kulia ulipanda peke yake na wa kushoto ukabaki nyuma, kiuno kikawa kimepinda. Kijana hakutaka apande juu sana. Alitaka pande mbili zipande pamoja, hata kama ni kidogo. Na alimkataza kabisa kubana pumzi, kwa sababu mwenye presha akibana pumzi na kujikaza presha inapanda. Alimwambia ahesabu kwa sauti. Mama akaona kuhesabu hakuna maana, akachagua Salamu Maria. Akiinua, anaanza sala, ikiisha, anashusha. Fungu moja la rozari likawa ndilo kipimo chetu cha zoezi moja, na pumzi haikubanwa hata mara moja, maana huwezi kusali kwa sauti huku umebana pumzi. Paroko alipokuja kumpa Komunyo akamkuta katikati ya fungu, alisubiri hadi akamaliza.

Baada ya hapo kulikuwa na kubiringika: kugeuka kutoka chali kwenda ubavu, kuanzia magotini, nyonga ifuate, mabega ya mwisho, kisha kinyume chake. Halafu kukaa ukingoni. Akikaa, aliambiwa aguse godoro kwa kiwiko cha kushoto, kisha ajirudishe katikati mwenyewe. Upande wa kulia hivyo hivyo. Kwenda chini kulikuwa rahisi. Kurudi ndiko kulikuwa kazi, na ndiko kulikokuwa dawa. Baadaye akafundishwa kutembea kwa makalio: akiwa ameketi kwenye benchi, anainua kalio moja, analisogeza mbele, anainua la pili. Wajukuu walilipenda zoezi hilo kuliko mengine, wakawa wanakaa naye kwenye benchi wakisogea pamoja, na mama akijua anatazamwa alijitahidi zaidi.

Zoezi ninaloliamini kuliko yote lilitokana na mahindi. Ulikuwa ni msimu wa mavuno na barazani kulijaa mahindi. Tulimkalisha mama kwenye kiti kisicho na mikono, kifupi kiasi cha nyayo kukanyaga chini vizuri. Beseni lenye mahindi tukaliweka kushoto kwake, mbali kidogo, pale ambapo mkono wa kulia ukitaka kufika lazima ukatize mbele ya mwili na mbavu zijipinde. Beseni tupu tukaliweka kulia. Kazi yake ilikuwa kuhamisha. Achukue hindi kutoka kushoto, ajinyanyue hadi wima, alitie kulia. Kijana alikuwa akiyasogeza mabeseni kidogo kidogo: leo mbele zaidi, kesho chini zaidi, keshokutwa moja juu ya kigoda. Upande wa kushoto, ambao ulikuwa umepotea machoni pa mama, sasa ulikuwa na kazi ndani yake, na ili kuifikia ilibidi aangalie huko, ageukie huko, autie uzito kwenye kalio la kushoto bila kuanguka. Niliona misuli ya mgongo wake, kupitia kitambaa cha gauni, ikikaza kila alipokuwa anarudi. Alipochoka na hilo tulimpa ungo wa maharage mapajani achambue, na hata huo ungo, usipotaka umwagike, unakulazimisha kukaa.

Hispania kulifanyika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, na Rosa Cabanas-Valdés na wenzake, kwa wagonjwa 80 wa kiharusi. Wote walipata fiziotherapia ya kawaida. Nusu yao waliongezewa mazoezi ya kuimarisha kiwiliwili, dakika 15 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki tano. Walioongezewa walikaa vizuri zaidi, walisimama kwa uthabiti zaidi, na mwendo wao ukawa bora. Mwaka 2023 mapitio ya Cochrane yalikusanya majaribio 68 ya namna hiyo, yenye washiriki 2,585, yakaonyesha kwamba mazoezi ya kiwiliwili husaidia uwezo wa kukaa, usawa wa kusimama na uwezo wa kutembea. Ninazitaja namba hizi kwa ajili ya yule anayedhani kuhamisha mahindi ni mchezo wa kumliwaza mgonjwa. Dakika 15 kila nyumba inazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuonyesha ni dakika 15 za kufanya nini.

Kulikuwa na vita ndogo pia. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwenye sauti inayosikika mpaka barabarani, aliamini kwamba mgonjwa akiachwa kitako atazoea kitako. Alikuja na vijana wawili kumsimamisha mama. Walimshika kwapani, na mmoja akauvuta ule mkono wa kushoto. Mama alipiga kelele. Bega la upande uliopooza halina misuli yenye nguvu ya kulishikilia. Ukilivuta linaweza kuteguka, na maumivu yake humfanya mgonjwa akatae mazoezi yote. Kijana alipofika jioni hakumgombeza shangazi. Alimsalimia kwa heshima, akamkalisha kitini, akamwomba asimame bila kuinamisha kifua mbele hata kidogo. Shangazi akajaribu. Akashindwa. Akamwambia sasa arudishe nyayo nyuma kidogo, kifua kiende mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Akasimama bila shida. "Hapo ndipo tunapompeleka bibi, mama," akasema. "Akikijua kifua chake kiko wapi, atasimama mwenyewe bila kuvutwa." Tangu siku hiyo shangazi ndiye aliyekuwa mlinzi wa bega. Mgeni akinyoosha mkono kumvuta mama, anakutana naye.

Wengine walishauri tumpeleke kwa mtaalamu wa asili, achanjwe, kwa kuwa kupooza ghafla namna ile kuna mkono wa mtu. Sikubishana nao, walikuja kwa upendo na wengine walikuja na kuku. Niliwaambia tu kwamba dawa za presha anameza kila asubuhi, iwe kichwa kinauma au hakiumi, na kwamba ratiba ya mazoezi haiwezi kukatizwa. Hilo la ratiba lina uzito. Juni na Julai baridi ya Sumbawanga huingia hadi kwenye mifupa, na mwili uliopooza hukakamaa zaidi kwenye baridi. Tuliacha mazoezi ya alfajiri, tukayahamishia saa tano, jua likishapiga barazani, mama akiwa amevaa soksi na sweta. Aliyepanga saa za mazoezi bila kufikiria baridi yetu atapata mgonjwa aliyejikunja, akadhani ni mvivu.

Kusimama kulikuja kwa utulivu, baada ya wiki nyingi za kukaa. Kijana aliweka kiti imara mbele ya meza ya jikoni, mama akainamisha kifua, pua ikapita vidole, akainuka. Nyonga zilikuwa sawa. Hakuegemea upande. Kutoka hapo alihamisha uzito kulia na kushoto akiwa ameshika meza, akapiga hatua za pembeni kufuata meza, na hatimaye za mbele, mkongojo ukiwa mkono wa kulia, upande wenye nguvu. Mguu wa kushoto ulipoondoka ardhini ulikwenda mbele moja kwa moja. Haukuzunguka nje. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wengi mtaani wakiuzungusha mguu, nikawa nimejiandaa kwa hilo, kwa hiyo nililiona mara moja jambo ambalo halikutokea.

Si kila kitu kimerudi. Mkono wa kushoto bado ni mzito na vidole vyake vimejikunja. Mama hufunga kitenge kwa msaada. Akitembea kwenye mteremko huhitaji mtu pembeni, na njia za kwetu mvua ikinyesha zinateleza. Lakini anakwenda jumuiya, anakwenda kwa majirani, na anakwenda chooni usiku bila kuamsha mtu, jambo ambalo kwa heshima ya mzee linazidi yote mengine niliyoyataja.

Sasa ninalofikiria ni wale wasiokaa Katandala. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, baada ya kulinganisha umri, wagonjwa wapya wa kiharusi walikuwa 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Kwa Dar es Salaam hicho ni kiwango kikubwa kuliko cha nchi nyingi tajiri. Na kati ya wagonjwa wa Hai waliofuatiliwa, zaidi ya nusu walikuwa wamefariki ndani ya miaka mitatu. Hai iko jirani na KCMC, wanakosomea wataalamu wa fiziotherapia. Mgonjwa wa kijiji cha bondeni Rukwa, chini ya miteremko ya Lyamba lya Mfipa, yuko mbali na mtaalamu wa namna hiyo kwa safari ya kutwa, na safari ya kutwa juu ya pikipiki kwa mtu asiyeweza kukaa sekunde kumi haiwezekani.

Watu wa mkoa wetu na wa jirani wanajua faida ya tabibu anayekaa na watu. Hospitali ya Dk. Atiman hapa Sumbawanga ina jina la Adrian Atiman, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto Afrika Magharibi, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 kama katekista na tabibu. Alibaki kando ya Ziwa Tanganyika akitibu watu hadi kifo chake mwaka 1956. Alikuwa mtu mmoja, lakini alikuwa hapo.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wanaochaguliwa kutoka vijiji na mitaa yao na kupewa mafunzo. Wanafundishwa uzazi, lishe, malaria, kifua kikuu. Ninaomba, na nimeshaanza kulisema kwenye vikao vya kata yetu, kwamba wafundishwe pia kumkalisha mgonjwa wa kiharusi: kuondoa mito na kukaa upande uliolegea, kuinua kiuno pande mbili pamoja bila kubana pumzi, kuweka kazi upande uliosahauliwa, kulilinda bega, kuinuka kwa kutanguliza kifua, na kumuuliza mgonjwa kila wanapomtembelea kama dawa ya presha ameimeza leo. Mtaalamu mmoja kutoka mjini akikaa nao siku mbili Laela, siku mbili Matai, siku mbili Mtowisa, akiwa na mkeka, kigoda na mabeseni mawili, ataweza kuwaonyesha yote hayo kwa vitendo. Kijana wetu amekubali kwenda. Kinachosubiriwa ni nauli yake na ruhusa ya kutoka kazini.